Shajara ya makro Muheza: natafuta picha moja ya maji moto akishona jani

Siku ya 1, Jumamosi

Naanza kuandika leo ili nijue nimebadilisha nini na nimepata nini, maana mwezi uliopita nimepiga picha zaidi ya mia tatu za makro, yani picha za karibu kabisa za vitu vidogo, na hakuna hata moja ninayokumbuka nilipigaje. Lengo ni moja tu. Kwenye michungwa ya mjomba hapa Muheza, Tanga, kuna viota vya maji moto, wale sisimizi wanaokunja majani mabichi wakayashona yakawa nyumba, na mimi nataka picha ya mmoja wao ameshika buu mdomoni anashona. Nimeliona hilo mara moja tu kwa macho, msimu uliopita, na sijalisahau. Kwa asiyejua, maji moto mkubwa hatoi uzi, uzi wa hariri unatoka kwa buu, yani mtoto wa humo kiotani ambaye bado hajawa mdudu kamili, sasa mkubwa anambeba kwa taya anampeleka jani hili anamrudisha jani lile, buu anaacha uzi, na wakati huo wenzake wamejipanga wanavuta majani yasiachane. Mambo yote hayo yanafanyika juu ya vichwa vyetu tukiwa tunamenya machungwa chini.

Vifaa nilivyonavyo: Canon 600D ya kaka yangu, yeye anapiga harusi na ameshanunua nyingine, hii kanipa nitumie. "Ila mdogo wangu, mchanga usiingie," ndo sharti lake pekee. Lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera, na 50mm f/1.8 niliyonunua mtumba (f ni kipimo cha tundu la lenzi linalopitisha mwanga, namba ndogo tundu kubwa). Stendi moja nyepesi. Basi.

Leo nimejaribu na 50mm peke yake. Haiendi karibu zaidi ya sentimita 45, ukisogea fokasi inakataa kabisa. Maji moto mmoja kwenye picha anaonekana kama punje ya chai.

Siku ya 2

Nimegeuza lenzi. Unaitoa ile 18-55, unaigeuza mbele iwe nyuma, unaishikilia kwa mkono kwenye mdomo wa kamera. Aisee inafanya kazi. Chembe ya chumvi imeonekana ina pembe kama kijisanduku. Shida ni mbili, vumbi linaingia kati ya lenzi na kamera (na sharti la kaka nalikumbuka), halafu kwenye 18mm ukuzaji ni mkubwa mno, kitu kinatakiwa kiwe karibu kabisa na kioo, sasa maji moto ukimsogelea hivyo anapanda juu ya lenzi anakuja mpaka usoni. Hii njia naiacha, nimejua tu kwamba inawezekana.

Siku ya 9

Tyubu zimefika, niliagiza Dar zikaja na basi. Ni pete tatu tupu hazina kioo ndani, moja ina milimita 7, nyingine 14, nyingine 28, ukiziunga zote zinakuwa 49. Zinakaa kati ya kamera na lenzi, zinaisogeza lenzi mbali na sensa, ile sehemu ya ndani ya kamera inayopokea picha, na lenzi ikikaa mbali na sensa inaona vitu vya karibu zaidi. Hesabu yake nyepesi: urefu wa tyubu gawanya kwa milimita za lenzi. 49 kwa 50 ni karibu moja kamili, maana yake kitu cha milimita 8 kinachorwa kwenye sensa kikiwa na milimita 8 zilezile. Sensa ya 600D ina upana wa milimita 22.3, kwahiyo maji moto wa milimita 8 atachukua zaidi kidogo ya theluthi ya picha. Hapo ndo ninapopataka.

Nimehakikisha kwa rula ya shule. Tyubu zote tatu, lenzi imezungushwa mpaka mwisho wa karibu, nimehesabu mistari ya milimita inayoingia upande mpaka upande: 20. Yani imepita hata ile moja kamili kidogo, kwasababu lenzi yenyewe nayo ina kaukuzaji kake.

Sasa tatizo ambalo limenichukua jioni nzima. Hizi tyubu za bei nafuu hazina zile nukta za shaba za kupitisha mawasiliano, kwahiyo kamera haijui kama kuna lenzi. Kwenye kioo cha nyuma panaandika 00 pale penye namba ya f, na lenzi inabaki wazi kwenye f/1.8 haifungi. Kwa f/1.8 kwenye ukaribu huu kinachoonekana vizuri ni unywele, kilichobaki chote ukungu. Dawa yake iko hivi: unaifunga 50mm moja kwa moja kwenye kamera bila tyubu, unaweka f/8, unabonyeza na kushikilia kile kitufe kidogo pembeni ya lenzi kinachokuonyesha kina cha fokasi (unene wa eneo linaloonekana vizuri), na ukiwa umekishikilia hivyohivyo unaizungusha lenzi unaitoa. Inatoka imeshafungwa f/8, ukiiangalia kwa mbele unaona kale katundu kamekuwa kadogo. Ndo unaivisha tyubu. Ukitaka f nyingine unarudia upya.

Siku ya 10

Leo nimekaa na rula tu, sijaenda shambani. Nimeilaza imeinuka nusu wima mbele ya lenzi, nimepiga kwa f tofauti nikihesabu mistari inayoonekana vizuri.

f/1.8: hata mstari mmoja haujakaa vizuri. f/4: nusu ya nafasi ya milimita. f/8: karibu milimita moja, na mistari mikali kabisa. f/16: mistari miwili karibu inaonekana, ila yote imelegea, hakuna uliokata. Nimerudia f/16 mara nne nikifikiri nimetikisa kamera, kumbe siyo mtikisiko. Ukisogea karibu hivi namba ya f unayoiweka siyo inayofanya kazi, unaizidisha kwa moja ukijumlisha na ukuzaji, mimi niko 1.1 kwahiyo nazidisha kwa 2.1, f/8 inakuwa kama f/17 na f/16 inakuwa kama f/34, na katundu kakibana kiasi hicho mwanga wenyewe unaanza kutawanyika kwenye kingo. Ukiongeza kina unapoteza ukali.

Kwahiyo nimejiwekea f/8 mpaka nitakapoona sababu. Na nijue kwamba kwa mdudu aliye mbele yangu kina nilichonacho ni kama nusu milimita na kidogo. Kichwa cha maji moto peke yake kinazidi hapo.

Siku ya 12

Shambani asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu, kibaridi cha kipupwe, umande umejaa. Nimemshikamoo mjomba nikamwambia nakuja kuwapiga picha maji moto, kasema, "Marahaba mjomba, wapige, ila mti ule wa pembeni usiuguse, jana wamemshambulia kijana wangu mpaka kashuka bila ngazi." Nikauchagua uleule wa pembeni kwa kuutazama tu, maana ndo una viota vingi.

Picha zote giza. Ile f/17 ya kwenye hesabu nimeiona leo kwa vitendo, mwanga hautoshi. Nimepandisha ISO (namna sensa inavyohisi mwanga) mpaka 3200, chenga zimejaa, na bado shata, yani muda wa kuingiza mwanga, ni 1/60 ya sekunde, mdudu kainua mguu tu keshakuwa moshi. Kwenye kitundu cha kuchungulia napo giza kwasababu lenzi imeshabanwa, fokasi natafuta kwa kupapasa.

Bila fleshi hii kazi haiendi.

Siku ya 19

Fleshi: nimepata Yongnuo YN560 ya mtumba. Ni ya mkono tupu, unaweka nguvu mwenyewe kuanzia 1/1 mpaka 1/128, na kwa makro hiyo ndo nzuri, sitaki kamera inifikirie.

Setingi niliyoanza nayo: M (kila kitu naweka mwenyewe), shata 1/200 (600D na fleshi ndo mwisho wake hapo, ukizidisha unapata mstari mweusi kwenye picha), f/8, ISO 200, fleshi 1/8. Kilichobadilika ni kwamba shata haina kazi tena ya kumgandisha mdudu, anayegandisha ni mwako wa fleshi wenyewe, nao ukiwa kwenye nguvu ndogo ni mfupi mno. Mguu ulioinuliwa sasa unaonekana mpaka vinyweleo.

Ila picha mbaya! Mgongo wa maji moto unang'aa doa jeupe kali, upande mwingine kivuli cheusi cha lenzi, jani la mchungwa nalo lina nta juu linarudisha mwanga kama bati. Nimejaribu kuifunika fleshi na tishu, doa limebaki. Usiku nikafikiria kwamba tatizo siyo ukali wa mwanga, ni udogo wake, kwa mdudu taa inatakiwa iwe kubwa kuliko yeye mara nyingi na iwe karibu naye.

Siku ya 21

Nimekata kidumu cha lita 5, kile cheupe kisichoonyesha vizuri ndani, upande mmoja bapa nikaukunja kama ukuta wa hori unaoning'inia kutoka kwenye kichwa cha fleshi mpaka mbele ya lenzi, juu ya mdudu. Ndani nimebandika karatasi nyeupe moja karibu na fleshi ili mwanga usipite katikati peke yake usambae mpaka kingoni. Nimefunga na raba za ndani ya baiskeli.

Sitaki kuandika mengi, naweka tu kwamba nimempiga nzi wa jikoni juu ya ndizi na macho yake yana rangi ambazo sijawahi kujua yanazo. Doa limekuwa utando mpana laini. Nguvu imebidi ipande mpaka 1/4 kwasababu kidumu kinakula mwanga.

Bibi kaja kuangalia kwenye kioo, kanyamaza, halafu: "Mume wangu, huyu ndo anayetua kwenye chakula changu kila siku?" Ndiye bibi. Kaomba nimwonyeshe tena.

Siku ya 24 mpaka ya 27

Pembe. Siku nne nimekaa kwenye pembe tu na setingi sijazigusa, makusudi, maana nikibadilisha viwili kwa pamoja sijui kipi kimefanya kazi.

Kutoka juu, namna mtu mzima aliyesimama anavyomwona mdudu: unapata ramani ya miguu sita na kiwiliwili, uso hamna. Nimepiga picha arobaini za hivi na nimefuta zote.

Usawa wa macho yake: hapa ndo mdudu anakuwa kiumbe. Kamera inashuka mpaka lenzi inamtazama mbele, taya zinaonekana, vipapasio vinakuja kwako. 600D ina kioo kinachokunjuka, kwahiyo siyo lazima nilale tumboni, nakigeuza kioo juu natazama. Lakini kwa mbele unapata kichwa tu, kifua kinapotea kwenye ukungu, na kwa picha ninayoitaka buu lazima aonekane pamoja na taya.

Ubavuni: hapa nimekaa zaidi. Nusu milimita yangu ni kama karatasi moja iliyosimama mbele ya kamera, chochote kinachogusa karatasi hiyo kinaonekana, kilichotoka nje kidogo kimepotea. Sasa mdudu mrefu wa milimita 8 ukimpiga kwa mshazari karatasi inamkata shingoni tu. Ukijizungusha wewe mpaka ubavu wake uwe sambamba na sensa, karatasi inampitia kutoka kichwani mpaka mwisho wa tumbo, na unampata karibu wote kwa f ileile. Digrii chache tu! Nimepiga maji moto mmoja aliyekuwa amesimama kwenye kikonyo, mara ya kwanza jicho tu, nikasogea kushoto kama upana wa vidole viwili, jicho na kifua na tumbo vyote. Setingi hazijabadilika hata moja. Hii ningeambiwa siku ya kwanza nisingewaza kununua kitu kwa mwezi.

Fokasi pia nimejifunza: usizungushe pete ya lenzi. Ukuzaji unauweka, halafu unasogea wewe na mwili mbele na nyuma taratibu kama unapumua, unabonyeza pale jicho linapokata. Na njia bora kuliko zote, mkono wa kushoto unashika kijiti alichokaa mdudu na lenzi inalala juu ya mkono huohuo, hapo ukitikisika mnatikisika wote pamoja. Na kereng'ende wa asubuhi aliyelowa umande inafanya kazi vizuri mno, bado hajapata joto hawezi kuruka, nimempiga dakika ishirini nikamwacha hapohapo juani. (Kuna wanaowaweka wadudu kwenye friji ili watulie. Mimi sitafanya. Amka mapema, wametulia wenyewe.)

Na maji moto njia hiyo ya kushika tawi ina gharama. Hawana mwiba, wanang'ata halafu wanapinda tumbo wanarushia asidi pale walipong'ata, inachoma, ikipata jicho unakaa pembeni robo saa. Nimejaribu poda ya mtoto mikononi mpaka kwenye viwiko, wanateleza, imesaidia sana. Na miguu ya ngazi nimeizungushia jivu.

Siku ya 31, Amani

Nimepanda Amani, kule juu kwenye milima ya Usambara, na gari la asubuhi, siyo kwa ajili ya maji moto, nilitaka kitu kisichotembea nijaribu kuunganisha picha nyingi. Kwenye mwamba wenye kivuli na maji yanayodondoka kuna yale maua madogo ya urujuani ambayo dunia nzima inayafuga madirishani, asili yake ni huku kwetu. Mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyapeleka kwa baba yake Ujerumani na mwaka 1893 yakapewa jina lake, Saintpaulia. Nimekaa nayo masaa matatu. Ua halizidi upana wa kidole gumba sana, katikati vifuko viwili vya njano vya chavua, na jani limejaa manyoya ambayo kwa macho unadhani ni mng'ao tu.

Stendi, ISO 100, f/5.6, shata sekunde nzima, taimu ya sekunde 2 ili kidole kisitikise, fokasi nimetafuta kwenye kioo kilichokuzwa mara 10. Picha 14, kila moja nimeisogeza fokasi kidogo sana kutoka manyoya ya mbele mpaka petali za nyuma. Nyumbani nimezipanga na kuziunganisha kwa Hugin na enfuse, ni programu za kompyuta za bure. Tatu zilikuwa na upepo nimezitoa. Iliyotoka ina ukali kuanzia manyoya mpaka chavua na nyuma msitu umelainika kabisa.

Kwa maji moto haifai, wakati unasogeza fokasi ya pili keshahama. Ila nimerudi na jambo moja: f/5.6 ina ukali kuliko f/8 kwenye hii lenzi. Kwa mdudu naendelea na f/8 maana nahitaji kina.

Siku ya 33

Mvua. Nimesafisha tyubu. Lenzi na kamera nazilaza kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, huku pwani fangasi inaota ndani ya kioo kabla hujajua.

Siku ya 38

Wachumaji wameanza safu ya pili. Mmoja alitaka kuchoma viota na mwenge, mjomba kakataa, kasema kwenye minazi yake hawa ndo wanamfukuza yule mdudu anayefyonza nazi changa zikapukutika, kwahiyo hata kwenye michungwa hawaui. Nimefurahi sana kusikia.

Tawi moja la chini limeburutwa na ngazi na kiota kimefunguka upande. Saa kumi na moja jioni nikawa chini yake. Kwanza fujo, wote nje, taya wazi. Baada ya kama nusu saa wameanza kujipanga kwenye ukingo wa jani, mmoja kamshika mwenzake kiunoni na yule kamshika mwingine, mnyororo wa watano unavuta. Nimepata mnyororo, ubavuni, picha nzuri kabisa. Buu sijaona mpaka giza.

Siku ya 39

Wapo! Wamewatoa mabuu.

Nimepiga 86. Zote nyeupe, buu ni mweupe na hariri ni nyeupe na fleshi yangu ya 1/4 imewaunguza, hakuna kilichobaki ndani yao. Nilikuwa natazama picha ndogo kwenye kioo naona sawa tu, sikufungua ile grafu ya mwanga. Nimerudi nyumbani saa mbili usiku nimekaa kimya muda mrefu, kwasababu picha ya 52 pembe yake ilikuwa sahihi kabisa.

Siku ya 40

1/200, f/8, ISO 200, fleshi nimeishusha 1/8, na kidumu nimekisogeza kikae ubavuni kushoto badala ya juu, ili mwanga upite kwenye uzi kwa upande uonekane ni uzi. Tochi ya kichwani kwa ajili ya kuona fokasi. Poda. Jivu.

Nimewaangalia robo saa bila kupiga. Anavyoshona siyo mfululizo, anamgusisha buu kwenye ukingo wa jani, anatua, kama sekunde moja hivi, halafu anamvusha upande wa pili anatua tena. Hapo kwenye kutua ndo pa kupiga. Na alikuwa anafanya kazi kwa mshazari kwangu, kwahiyo nimeihamisha ngazi mara mbili mpaka mstari wa kichwa chake na buu ukawa sambamba na sensa.

Picha ya 23 ndiyo. Taya zimemshika buu katikati bila kumuumiza, unaona kabisa ngozi ya buu imebonyea kidogo pale taya zilipo. Jicho kali. Kichwa cha buu kimegusa jani na kutoka hapo kuna nyuzi, nimezihesabu saba zinazotengana, nyingine zimeungana kuwa utando. Kipapasio cha kulia kimegusa jani, cha kushoto kimetoka nje ya karatasi ya fokasi, na tumbo limekatwa ukingoni mwa picha kwasababu nilikuwa karibu kuliko nilivyodhani.

Bibi kaishika kamera mwenyewe leo. "Kumbe ana mtoto mdomoni," kasema, "na mimi naona michungwa tangu sijaolewa."

Siku ya 41

Tumbo lililokatwa linanisumbua. Nimetoa tyubu ya milimita 7, nimepima na rula, sasa inaingia milimita 23 hivi badala ya 20, inatosha mdudu mzima na nafasi mbele yake. Nimemwomba mjomba mti ule usichumwe kwanza. "Jumatatu mjomba, zaidi ya hapo machungwa yataanguka." Leo ni Alhamisi, na jana usiku waliacha mpasuko kama wa urefu wa kidole haujashonwa. Betri mbili zipo kwenye chaji.